Kitambaa Mdomoni

Somo: Marko 5:25–34



Leo tungependa kuwaeleza habari za picha moja iliyochorwa yapata mwaka 1638, nayo imo katika hazina ya picha za wafalme wa Uingereza. Mchoraji ni mwanamke Mwitaliano, Artemisia Gentileschi, naye amejichora mwenyewe akiwa kazini. Mkono wa kuume umeinua brashi, wa kushoto umeshika ubao wa rangi. Hatutazami sisi, macho yake yako kwenye kazi.

Siku zile kilikuwako kitabu cha kuwaelekeza wachoraji. Kiliagiza kwamba Uchoraji uonyeshwe kama mwanamke aliyefungwa kitambaa mdomoni. Artemisia alifuata mengi ya kitabu kile, hata mkufu wa dhahabu shingoni. Lakini kitambaa alikiacha.

Mwaka 1611, akiwa msichana wa miaka 17, alinajisiwa na mchoraji aliyefanya kazi na baba yake. Mwaka 1612 alisimama mbele ya mahakama huko Roma, akasema. Ili kuupima ushuhuda wake walimfunga vidole kwa kamba, wakazikaza; naye hakuyageuza maneno yake. Mikono hiyo ndiyo tunayoiona pichani ikifanya kazi.

Hapa kwetu Huruma, na kwingineko, binti akipatwa na ubaya kama huo, mara nyingi huambiwa, "Nyamaza, usituaibishe." Wazee huketi, fidia hutolewa, mambo huishia nyumbani. Na wakati mwingine kanisa nalo hushika ncha moja ya kitambaa.

Bwana Yesu hakufanya hivyo. Yule mama aliyetokwa na damu miaka 12 alikuja kwa siri. Lakini Bwana alisimama, ingawa Yairo alikuwa na haraka, akamngoja aeleze kweli yote mbele ya watu. Kisha akamwita binti, akamwambia aende kwa amani.

Mama, msadiki mwanao. Mzee wa kanisa, usiketi kupatana bei. Mpelekeni hospitali upesi, kisha polisi. Nawe binti, aibu hii si yako, na mikono yako Mungu angali ana kazi nayo.

Na tuombe. Ee Bwana, tufungue masikio, ili mtaa wetu ustahili jina lake. Amina.