Kipande cha Bwana na Kitambulisho cha Mwananchi
(Hotuba kwa vijana wa Nyamwage, Rufiji)



Nimeombwa niseme juu ya karatasi za kazi. Mzee mmoja ameniuliza hapo nje: "Karatasi tulizikataa kwa mkoloni, leo mwatuletea tena?" Swali lake ni la haki, nami nitalijibu kwanza.

Kule Kenya, sheria ya mwaka 1915 ilimlazimisha mwanamume Mwafrika kuchukua kipande, nayo ikatekelezwa kwa nguvu baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Ndani yake zilitiwa alama za vidole vyake, jina la bwana wake na mshahara wake. Kiliwekwa katika kibati, akakivaa shingoni kama mbuzi avaavyo kengele. Bwana asipotia sahihi kwamba amemwachia, mtu yule alihesabiwa mtoro, hata kama alikimbia kipigo. Hapa Tanganyika, katika mashamba ya mkonge, kipande kilikuwa kadi ya siku 30. Mpaka siku 30 zitimie ndipo mtu alipwe. Na wale waliochukuliwa kutoka mbali walipewa namba, wakaitwa manamba.

Ubaya wa kipande, ndugu zangu, haukuwa karatasi. Ubaya ni kuwa karatasi ile ilikuwa mali ya bwana, nayo ilisema mtu huyu ni wa nani. Kitambulisho cha Taifa ni chako wewe, nacho chasema wewe ni nani. Asiyekuwa nacho leo ndiye anayebaki mikononi mwa bwana.

Nitawapa ushahidi wangu mwenyewe. Nilipokuwa kijana nilitaka kazi katika kampuni moja ya ujenzi wa barabara. Sikuwa na cheti, nikaazima cha ndugu yangu, nikaandikwa kwa jina lake. Karani alijua, akanyamaza. Miaka minne nilibeba kokoto kwa jina la mtu mwingine. Siku niliyodai mshahara wa miezi miwili, karani yule yule akaniuliza: "Wewe ndiwe huyu?" Nikakosa jibu. Akiba yangu ya uzeeni nayo ilikuwa imeandikwa kwa jina la ndugu yangu. Nilirudi nyumbani na jembe langu, jasho langu likabaki kwa jina lisilo langu.

Basi vijana, msingoje lori la kampuni lisimame hapa njia panda ya Utete ndipo muanze kukimbia huku na huku. Anzeni sasa. Tafuteni cheti cha kuzaliwa, ambacho hutolewa na RITA. Ukitimiza miaka 18, nenda kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wako wakutambue, kisha ujiandikishe NIDA katika ofisi ya wilaya. Utapata namba yenye tarakimu 20, na zile 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Kwa mara ya kwanza mwananchi halipi kitu. Mtu akikwambia utoe chochote, huyo anakuibia.

Liko jambo moja linalotuponza sisi watu wa Rufiji, nalo ni majina. Nyumbani mtoto ana jina la babu, jandoni akapata jingine, shuleni mwalimu akaandika la tatu. Siku ya kazi karatasi zinagombana. Chagua jina moja, liandikwe kwa herufi zile zile katika kila karatasi. Kama limekwisha kosewa, kaape hati ya kiapo mapema. Na kitambulisho si baiskeli, hakiazimwi.

Sasa naja kwa mwajiri, maana haki haitembei kwa mguu mmoja. Yeye anayo haki ya kujua wewe ni nani, na umri wako, kwa kuwa sheria inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Mgeni kutoka nje naye lazima awe na kibali cha kazi, kwa sheria ya mwaka 2015. Lakini mwajiri akitazama kitambulisho chako, achukue kivuli, akurudishie chenyewe. Mwajiri anayekifungia kitambulisho chako sandukuni amerudisha kipande.

Ukisha kumwonyesha karatasi yako, nawe udai yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka akupe kwa maandishi kazi yako ni ipi, umeanza lini, saa zako ni ngapi na mshahara wako ni kiasi gani. Mkifikishana mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, naye akashindwa kutoa maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha ni wake, si wako. Uliza pia namba yako ya NSSF, uhakikishe jina ni lako.

Mwaka 1961 tulisema Uhuru na Kazi. Kazi isiyo na jina la mfanyakazi haijapata uhuru bado. Mzee wangu aliyeniuliza swali, naomba kesho umpeleke mjukuu wako kwa mtendaji.