Kunyamaza Si Kuridhia



Wapo wazazi wanaodhani kwamba mpenzi wa katuni za Kijapani, ziitwazo anime, kazi yake ni kukodoa macho tu. La hasha! Mnamo Desemba 1975, jijini Tokyo, lilianzishwa soko la vijitabu ambavyo wapenzi hao huvichora na kuvichapa wenyewe, lijulikanalo kwa jina la Comiket. Siku ile walihudhuria watu wapatao 700, wengi wao wasichana wa shule. Mwishoni mwa 2019, jumla ya mahudhurio ya siku nne ilikaribia 750,000.

Basi vingi kati ya vijitabu hivyo huwachukua wahusika wa msanii mwingine na kuwatungia visa vipya pasi na idhini yake. Je, huo si wizi? Wenye kazi wengi wamenyamaza, maana wapenzi hao ndio wanunuzi wao, na humo ndimo wachipukiamo wachoraji wapya. Kundi mashuhuri la CLAMP lilianzia huko. Lakini mwaka 1999 mwanamke mmoja alikamatwa kwa kijitabu kichafu alichochora juu ya Pokémon, baada ya wenye mali kulalamika. Ukimya uliowalinda maelfu haukumlinda yeye.

Mchoraji Ken Akamatsu, ambaye naye alipata kuchora vijitabu vya namna hiyo, hakupendezwa na hali hiyo ya kubahatisha. Mwaka 2013 alianza kutoa kisa chake kipya, UQ Holder!, kikiwa na alama maalumu iliyowaruhusu wapenzi waziwazi.