Moshi wa Mashine ya Kusaga

Ndugu mkulima, siku ukienda kusaga mahindi, hebu tazama ukuta ulio nyuma ya mashine ya dizeli. Umekuwa mweusi tii. Weusi ule ni masizi, na msagaji anayeshinda humo ndani huyavuta hayo hayo, pamoja na akina mama wanaongoja zamu na watoto mgongoni. Mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitamka wazi kwamba moshi wa dizeli unaleta saratani ya mapafu.

Sasa kuna maneno mengi juu ya bayodizeli, yaani mafuta ya injini yatokanayo na mbegu kama alizeti au mbono. Je, hupunguza moshi? Ndiyo. Ndani yake mna oksijeni, kama kilo 11 katika kila kilo 100, kwa hiyo huungua vizuri zaidi. Vipimo vilivyokusanywa Marekani mwaka 2002 vilionyesha kuwa bayodizeli tupu hupunguza masizi karibu nusu. Ukichanganya lita 20 na lita 80 za dizeli, hupungua sehemu moja tu ya kumi. Lakini gesi za naitrojeni, zile zinazowasha kifua, ziliongezeka kidogo.

Tena usidanganyike: mafuta ya kupikia si bayodizeli. Bayodizeli ni mafuta ya mbegu yaliyotiwa alkoholi na magadi makali, glisirini ikatolewa, yakawa mepesi. Ukimimina alizeti moja kwa moja katika tangi, nozeli haiwezi kuyanyunyiza, kaboni inaganda, ringi zinakwama. Ni kweli kwamba mwaka 1900, katika maonyesho ya Paris, injini ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Lakini injini ya maonyesho haikutegemewa na kijiji kizima kwa unga!

Liko pia chujio la masizi, linalofungwa katika bomba la moshi la magari na matrekta mapya. Limejengwa kama sega la nyuki, na moshi hulazimika kupenya kuta zake. Zaidi ya sehemu 9 katika 10 za masizi hunaswa. Masizi hayo sharti yachomwe humo humo, kwa joto la digrii 600 hivi. Mashine yetu ya silinda moja haina mtambo wa kuchoma hivyo. Ukiuziwa chujio hilo, litaziba tu na injini itakosa pumzi.

Basi, ufanye nini? Safisha chujio la hewa, maana injini isiyopata hewa hutoa moshi mweusi. Mwite fundi apime nozeli. Usishindilie mahindi kinuni mpaka injini ikazidiwa. Kisha lipeleke bomba la moshi nje, juu, mbali na mlango; likiwa refu, liwe pana pia. Na kama paa ni la nyasi, lipitishie ukutani, maana bomba lile ni moto.