Nadharia Iliyozaliwa Mgodini: Hotuba kwa Wahitimu wa Mifumo ya Taarifa

Nadharia mojawapo inayobeba fani ya mifumo ya taarifa ilizaliwa mgodini. Mwaka 1951 Eric Trist na Ken Bamforth, ambaye mwenyewe aliwahi kuchimba makaa ya mawe, walichapisha utafiti wao kuhusu migodi ya Uingereza. Zamani vikundi vidogo vya wachimbaji vilijipangia kazi na kulindana chini ya ardhi. Zilipoingia mashine, kila mtu alipewa kipande kimoja cha kazi kwa zamu. Tija iliyotarajiwa haikupatikana na utoro ukazidi. Watafiti hao walionyesha kwamba mashine na mpangilio wa watu lazima vibuniwe pamoja. Baadaye Enid Mumford wa Manchester aliipeleka hoja hiyo kwenye kompyuta.

Kwa wahitimu wa Shinyanga na Geita, hoja hiyo ipo jirani. Katika machimbo ya wachimbaji wadogo, mwenye leseni, mwenye duara (shimo la kuchimbia) na wachimbaji hugawana mifuko ya mawe kwa makubaliano yao kabla mawe hayajafika kwenye karasha, mashine ya kuyasaga. Nani kagharamia, nani kachimba, nani anamdai nani: taarifa hizo hukaa vichwani au kwenye daftari la msimamizi.

Machi 2019 lilifunguliwa soko la dhahabu la Geita, ambako dhahabu hupimwa uzito na usafi, na mauzo huandikwa. Kuhusu kukubalika kwa mifumo, mtafiti Fred Davis alieleza mwaka 1989 kwamba mtu huukubali mfumo akiuona una manufaa na ni rahisi kuutumia. Maelezo hayo ni ya kweli, ila hayatoshi, kwani gharama nazo huamua. Mwaka huohuo wa 2019 wachimbaji wadogo waliondolewa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5. Bila nafuu hiyo, mizani nzuri peke yake isingeshindana na wanunuzi wa magendo.

Utafiti wa sasa wa mifumo ya taarifa unahusu akili unde, fedha za simu na ufuatiliaji wa madini tangu yanapochimbwa. Hapo ndipo penye pengo: kumbukumbu inayoanzia sokoni haionyeshi mgawo uliofanyika machimboni, na mchimbaji aliyedhulumiwa haonekani ndani yake. Wahitimu watakaotengeneza mifumo hiyo waanzie kwenye duara, wajifunze mgawo kwa wenyewe wanaogawana, kisha ndipo waandike programu.