Chumvi Hudai Kwanza Ukuaji



Naanza na kosa langu. Nikiwa mwanafunzi nilikabidhiwa chupa ya Chlamydomonas, mwani wa kijani wa maji baridi, nikautilia chumvi gramu 6 hivi kwa lita. Bahari ina 35. Kesho yake nilizikuta seli zimepoteza mijeledi yake miwili ya kuogelea, zimejikunyata mafungu mafungu ndani ya ute. Nikaandika daftarini: zimekufa. Mwalimu wangu akafuta. Zilikuwa hai, na usanisinuru ulikuwa ukiendelea; kilichosimama ni kukua.

Tofauti hiyo imenishughulisha tangu siku ile. Chumvi ya kiasi hugusa ukuaji kabla ya kulemaza usanisinuru. Seli inanasa nuru na hewa ukaa, lakini sukari yake haijengi mwili, inagharimia maji. Maji huhamia kwenye chumvi nyingi, hivyo seli isipojijaza kitu ndani itasinyaa. Sodiamu inayopenya nayo lazima isukumwe nje, na kusukuma kunakula nishati. Mnamjua kijana mwenye mshahara mzuri aliyepanga nyumba mjini: pesa inaingia kila mwezi, kiwanja chake kina msingi tu na nyasi. Chumvi ikizidi mno, ndipo hata mitambo ya kunasa nuru huharibika.

Bingwa wa shughuli hii ni Dunaliella. Mwaka 1838 Mfaransa Dunal alieleza wekundu wa mashamba ya chumvi karibu na Montpellier. Mwaka 1905 Teodoresco akaupa mwani huo jina la kumuenzi. Hauna ukuta mgumu. Uweke chini ya hadubini, udondoshee maji ya chumvi kali: papo hapo unanywea. Nenda kanywe chai, urudi baada ya saa moja au mbili, utaukuta umejaa tena, unaogelea. Umejitengenezea gliseroli, hiyohiyo glisarini tunayojipaka ngozi ikikauka.

Hata bingwa ana kikomo. Bahari ya Chumvi, ambayo kwa Kiarabu huitwa pia Bahari ya Lutu, ina takribani gramu 340 kwa lita, na sehemu kubwa ni chumvi za magnesiamu, kali kwa mwani kuliko hii ya jikoni. Kwa miaka mingi hakioneki kitu cha kijani. Mvua kubwa ziliposhusha mafuriko na kuyazimua maji ya juu, mwaka 1980 na tena 1992, Dunaliella ilifumuka kwa wingi.

Nimalizie na ule wekundu. Katika dimbwi la chumvi kali seli imezuiwa kukua, ila jua la saa saba halijazuiwa. Dunaliella salina hujikinga kwa kulimbikiza beta-karotini, ambayo yaweza kufika sehemu moja ya kumi ya uzito wake mkavu, na vijidudu vipenda chumvi huongeza wekundu wao. Huko Hutt Lagoon, Australia, karotini hiyo huvunwa kuwa rangi ya vyakula. Wavunaji wake hawana haja na mwani unaokua upesi. Huyaacha maji yakolee chumvi makusudi.