Masikio ya Doberman

Yale masikio ya Doberman yaliyochongoka kama ncha ya mkuki si ya kuzaliwa. Mbwa huyu huzaliwa na masikio ya kulala. Hukatwa masikio akiwa mtoto wa wiki 7 hadi 12, kisha hufungwa bandeji kwa wiki kadhaa, pengine miezi, mpaka yasimame.

Zamani palikuwa na sababu. Huko Ujerumani, mbwa wa kuwinda nguruwe mwitu walikatwa masikio yasije yakararuliwa. Mbwa wa kupiganishwa nao walikatwa ili adui akose pa kung'ata. Leo Doberman wengi wanalala sebuleni, na nguruwe mwitu wanamwona kwenye televisheni, kama wanamwona.

Watetezi husema sikio lililosimama haliugui. Ushahidi wa kutosha hawana. Mbwa aina ya Cocker Spaniel, mwenye masikio marefu yanayoning'inia na anayesumbuliwa sana na maradhi ya sikio, hakuna anayemkata!

Inabaki sura tu. Chama cha madaktari wa mifugo cha Marekani kinapinga ukataji wa urembo, ilhali American Kennel Club, chama cha kusajili mbwa, kinaukubali. Ujerumani, alikotoka Doberman mwenyewe, iliupiga marufuku tangu miaka ya 1980.