Akufaaye kwa Dhiki: Tunayojifunza kwa Waislamu wa Rwanda

(Mazungumzo yaliyosomwa na Kamati ya Wakimbizi katika uwanja wa kambi, Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni)

  

Kamati yetu imezoea kuitumia siku hii kueleza habari za maji, mgao wa chakula, kuni na shule. Hayo mtayakuta katika taarifa ya mwaka ndani ya jarida hili. Leo tumeona tuzungumze juu ya jambo moja lisilohitaji fedha za wafadhili, lakini ambalo likiharibika hakuna shirika litakaloweza kututengenezea. Nalo ni jinsi tunavyoishi na jirani zetu Waislamu hapa kambini.

Wengi wenu mnajua yaliyotokea. Baada ya kufika wenzetu wengi kutoka pande za Beni na Irumu, maneno yalianza kwenye bomba la maji. Akina mama waliovaa ushungi walisukumwa na madumu yao hadi mwisho wa foleni. Watoto wao waliitwa NALU, jina ambalo kule Beni watu huwaitia waasi wa ADF. Kinyozi mmoja Mwislamu alikaa wiki tatu bila kupata kichwa cha kunyoa. Sisi wa kamati tulisikia yote hayo, tukanyamaza. Tulijiambia kuwa maneno ya bombani huishia bombani. Tulikosea, na leo tunakiri mbele yenu.

Hatudharau uchungu wa mtu yeyote. Kundi la ADF lilianzishwa na Waganda katika miaka ya 1990, likajificha katika misitu ya Kongo, na mwezi wa Oktoba 2014 ndipo mauaji makubwa ya raia yalipoanza katika eneo la Beni. Watu waliuawa mashambani, njiani na vitandani. Tarehe 16 Juni 2023 walivuka mpaka, wakavamia shule ya sekondari huko Mpondwe, wilaya ya Kasese, wakaua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi. Kwa hiyo msiba huu ni wa wenyeji wetu pia. Wauaji hao husema kuwa wanapigana kwa ajili ya Uislamu, na mtu aliyezika watoto wake ana haki ya kuogopa.

Lakini tuwatazame Waislamu wa Beni wenyewe. Sheikh Ali Amini, aliyekuwa mwakilishi wao katika mji huo, aliwasema waasi hao waziwazi. Tarehe 1 Mei 2021, mwezi wa Ramadhani, watu wenye silaha walimpiga risasi ndani ya msikiti, akafa. Familia tunazozisukuma bombani zimekimbia kutoka miji hiyo hiyo, kwa njia hizo hizo, zikiogopa risasi hizo hizo.

Husemwa kuwa samaki mmoja akioza, wote wameoza. Msemo huo ni wa mwenye tenga la samaki sokoni. Kwa wanadamu haufai, na sisi wakimbizi tunapaswa kulijua hilo kuliko wote, kwa maana tumekimbia makwetu kwa sababu watu walihesabiwa kwa makabila na si kwa matendo yao.

Ili tusizungumze hewani, tutawaeleza habari ya nchi jirani ya Rwanda. Wako wazee kati yetu waliotoka huko, na wengine mmepita Kigali njiani. Mnakijua kitongoji cha Nyamirambo na mitaa ya Biryogo, ambako mpaka leo Kiswahili kinasikika barabarani.

Uislamu uliingia Rwanda kwa wafanyabiashara na kwa askari, makarani na wapagazi waliofuatana na Wajerumani kutoka pwani, Tabora na Ujiji. Msikiti wa Al-Fatah wa Nyamirambo ulijengwa mwaka 1913. Wabelgiji walipochukua utawala, Waislamu waliwekwa kando. Walitengewa mitaa yao katika miji, na mitaa hiyo ikaitwa kambi za Waswahili. Shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni, na mzazi Mwislamu aliyetaka mwanawe asome aliogopa kwamba atabatizwa kwanza. Matokeo yake ni kwamba wengi wao wakawa madereva, mafundi, wachuuzi na wenye maduka madogo. Hata baada ya uhuru wa 1962 hawakupata nafasi kubwa serikalini. Katika Kinyarwanda neno Umuswahili likawa karibu na tusi: mjanja, mwongo, mtu asiye na kwao.

Ndugu zetu, sikilizeni vizuri hapo. Watu waliofungiwa katika kambi, wakaitwa wasio na kwao. Ni nani hapa uwanjani asiyeijua hali hiyo?

Mwezi wa Aprili 1994 mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza. Kwa muda wa siku 100 hivi waliuawa watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 800,000 na zaidi ya milioni 1, pamoja na Wahutu waliokataa mauaji hayo. Watu walikimbilia makanisani kama zamani, lakini safari hii waliuawa humo humo kwa maelfu, kama ilivyokuwa Nyamata na Ntarama. Katika mitaa ya Waislamu wa Kigali watu wengi walifichwa. Walifichwa darini, vyumba vya uani na nyuma ya maduka. Baadhi yao walivalishwa kanzu, kofia na ushungi ili wapite kama watu wa mtaa. Huko Mabare, upande wa mashariki, Waislamu walisimama kuwalinda waliokimbilia msikitini mpaka wakazidiwa nguvu, na wengi wakauawa.

Kwa nini walifanya hivyo? Waliochunguza jambo hili, na wazee waliokuwako, hutaja sababu kama hizi. Kwanza, baadhi ya viongozi wa misikiti walikuwa wamewaonya waumini wao mapema wasiingie katika siasa ya chuki. Pili, Mhutu na Mtutsi walisali katika safu moja na kuoana, na nje ya mtaa wote waliitwa Waswahili. Tatu, walikaa karibu karibu, kila mmoja akijua mlango wa mwenzake. Dharau iliyowatenga na wengine ndiyo iliyowafanya wasitengane wao kwa wao.

Hata hivyo hatutaki kuwadanganya. Si kila Mwislamu alikuwa mwema. Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura lililochochea mauaji, alikuwa Mwislamu wa Gisenyi. Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani mwaka 2003, na rufani ya 2007 ikamwachia kifungo cha miaka 35. Na katika mji huo huo wa Gisenyi aliishi Félicité Niyitegeka, mwanamke Mkatoliki, Mhutu, aliyewaficha Watutsi na kuwasaidia wengine kuvukia Goma. Ndugu yake aliyekuwa afisa wa jeshi alimtaka ajiokoe peke yake, naye akakataa. Aliuawa pamoja na wale aliowaficha, tarehe 21 Aprili 1994. Mji mmoja, dini mbili. Mtu angewahesabu hao wawili kwa dini zao angekosea mara mbili.

Baada ya vita macho ya watu yalibadilika. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, nao walikuwa wamewaona waliowafaa. Wako Wanyarwanda waliosilimu wakisema kwamba waliokolewa na Waislamu. Wengi zaidi walibaki katika dini zao, ila waliacha kulitumia lile neno kama tusi. Sikukuu ya Idi el Fitri ni siku ya mapumziko kwa taifa zima. Sheikh Musa Fazil Harerimana alikuwa waziri wa usalama wa ndani tangu 2006 hadi 2016, katika nchi ambayo babu zake katika imani walizuiliwa mtaani. Na haya hayakuja kwa wingi wa watu, kwani sensa ya 2012 ilihesabu Waislamu kuwa kama 2 tu kwa kila watu 100.

Basi sisi tunajifunza nini? Heshima hiyo haikuletwa na semina wala bango. Ililetwa na mlango uliofunguliwa usiku. Lakini ilikuja baada ya damu nyingi mno, na hilo ndilo linalotusumbua sisi wa kamati. Je, na sisi tungoje msiba ndipo tumjue jirani yetu?

Katika kikao tulichokiitisha hatimaye, mama mmoja Mwislamu aliyekuwa akisukumwa bombani aliombwa aseme. Hakusema mengi. Alisema, «Ninyi mnatukimbia sisi, na sisi tumewakimbia hao hao waliowakimbiza ninyi. Sasa sote twende wapi?» Mzee mmoja wa Beni, aliyefiwa na wanawe wawili, alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema kwamba moyo wake bado haujapoa, lakini mtoto wa mama yule hakuwaua wanawe. Hawakukumbatiana. Siku ya pili, hata hivyo, mzee yule alikwenda kunyolewa kwa yule kinyozi, na watu walimwona.

Kikao hicho kilikubaliana mambo manne, nayo tunayatangaza leo ili kila mtu ayajue. Moja, foleni ya bomba ni ya dumu lililotangulia, na mlinzi wa bomba ataulizwa akiruhusu lingine. Mbili, mtu akimwita mtoto NALU, mzazi wa mtoto alete habari kwa mwenyekiti wa kijiji siku hiyo hiyo, nasi tutawaita wote wawili. Tatu, mtu akifa, vijana wa kijiji chake watachimba kaburi bila kuuliza dini yake. Nne, mwenye shaka ya kweli juu ya mtu fulani, kwamba ana silaha au anashirikiana na waasi, alete shaka hiyo kwa viongozi na polisi, akitaja alichokiona. Asiipeleke bombani. Shaka juu ya mtu mmoja ni kazi ya usalama. Shaka juu ya dini nzima ni mwanzo wa yale tuliyoyakimbia.

Kwa wafanyakazi wa mashirika tuna ombi dogo. Mnapopanga mikutano na siku za mgao, kumbukeni swala ya Ijumaa kama mnavyokumbuka ibada ya Jumapili. Na mkisikia maneno kama haya kabla yetu, tuambieni mapema, msingoje yageuke kuwa ripoti.

Kwa ndugu zetu Waislamu tunasema: tuliwachelewesha, mtuwie radhi. Kwa ndugu zetu waliofiwa Beni na Irumu tunasema: hatuwaombi msahau. Tunawaomba mlie pamoja na jirani, si dhidi yake.

 Mungu awabariki, na awarudishe wote makwao kwa amani.